Hodi ya Tatu

Filamu zote nimeziona kwa nyuma. Wengine huingia bandani, hukaa kwenye mabenchi, hutazama shuka jeupe kutoka upande ambao mwanga unatua. Mimi hukaa upande ambao mwanga unatokea ukiwa umechoka. Kwangu mimi watu wote wa filamu hushika panga kwa mkono wa kushoto, husalimiana kwa mkono wa kushoto, hula kwa mkono wa kushoto bila haya, na yale majina ya mwishoni, ya waliofanya kazi, hupanda juu yakiwa yamegeuzwa, kama yanayosomwa na mtu aliye ndani ya kioo. Nimezoea. Ukikaa sana nyuma ya kitu unaanza kuamini kwamba nyuma ndiko mbele, na kwamba wale wa mbele ndio waliogeuzwa.

Mji wetu hauna jina. Au unalo, lakini kila ninayemuuliza hunitajia jina la mji aliotoka. Una saa moja tu ya ukutani, imo humu bandani, na imeonyesha saa kumi alasiri tangu siku ilipotundikwa. Filamu huanza saa kumi na kwisha saa kumi. Katikati yake watu huzaa, huzeeka, husahau walikuja na nani. Wakitoka nje hukuta jua liko palepale juu ya paa la kinu, nao huambiana, "Leo imekuwa fupi."

Filamu huja na lugha ya mbali. Hapa kwetu hakuna anayeijua isipokuwa mimi, niliyepelekwa chuoni miaka mitatu nikajifunze, nikarudi nayo kama mtu aliyerudi na kikohozi. Basi desturi ya banda ni hii: mmoja anaandika, mwingine anasema. Mimi niko nyuma ya shuka na meza yangu, taa ndogo, hedifoni masikioni. Nasikia wanachosema, nakiandika kwa maneno yetu, napitisha karatasi chini ya pindo. Upande wa pili, juu ya kigoda, mbele ya kipaza sauti, yuko Siwema. Anaipokea karatasi, anasoma, na wote waliomo kwenye filamu, wazee, watoto, wafalme, hata farasi ikibidi, wanasema kwa kinywa chake. Kila anapopokea karatasi hunibana kidole kidogo. Maana yake: nzuri. Hajawahi kusahau kunibana.

Zamani Bi Tatu, mwenye banda, alifanya kazi zote mbili peke yake. Alipozeeka akazigawa. Siku moja nilimuuliza kwa nini asimwachie mtu mmoja tu. Alikuwa akipanga kashata kwenye sinia, hakuinua uso.

"Mwanangu," alisema, "mtu mwenye maneno na sauti pamoja, keshokutwa atataka na kiti changu."

Akacheka, nami nikacheka. Sikujua kwamba nilikuwa nimeshakatwa vipande viwili, na kwamba kile kipande changu cha pili kinakula, kinalala, na kinaitwa Siwema.

Niseme ukweli, kwa sababu humu ninaandika na hakuna wa kusoma kwa sauti. Namwonea wivu. Si wivu wa kumtakia mabaya, nilikuwa nikijiambia. Ni wivu wa bombani. Tunakwenda kuteka maji, wanawake wanamzunguka. "Siwema, jana uliniliza mpaka mume wangu akaniuliza nani kafa." "Siwema, lile neno uliloliweka pale mama alipomzika mwanawe, ulilitoa wapi?" Naye hucheka, huweka mkono kifuani, na kusema, "Limekuja tu." Mimi huwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, nina ndoo kichwani. Mimi ndiye Limekuja Tu. Nilikaa siku nzima na lile neno, nikalitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, nikalikuta, nikampa. Nalo likaenda kwake kwa furaha, halikugeuka hata kuniaga.

Swali langu ni moja, nimelibeba tangu chuoni, na walimu wangu walilijibu kwa maneno marefu ambayo sikuweza kuyala. Aliyepo ni nani? Yule atendaye, au yule asikikaye? Mti ukianguka mahali pasipo mtu, wanasema, hatujui kama umelia. Lakini mti wenyewe unajua. Kuna mtu aliyewahi kuuliza mti?

Siku hiyo, kama ilikuwa siku, vitu viwili vilifika pamoja. Cha kwanza kilikuwa filamu mpya ya mnyonya damu, ambayo hakuna mji uliokuwa umeiona bado. Kwa kawaida mimi huitazama filamu peke yangu kwanza, nikaandaa karatasi zangu. Hii ilikuja imechelewa, mabenchi yamejaa. Ningelazimika kuandika huku inakwenda, bila kujua nani atakufa.

Cha pili kilikuwa Bwana Nassoro. Alitoka Nyumba ya Sauti, ile inayosikika katika kila redio ya kila mji, ambayo asubuhi haiwi asubuhi mpaka iseme. Alivaa koti refu jeusi katika joto lile wala hakutoka jasho. Alikaa benchi la mbele, akakataa kashata kwa adabu, akazungumza na Bi Tatu. Shuka si ukuta. Nilisikia kila kitu.

"Natafuta sauti moja tu, Bi Mkubwa."

"Na maneno je?" Bi Tatu alimuuliza. "Maana huyu binti hasemi hewa."

"Maneno tunayo mengi. Tuna maghala matatu."

Kivuli cha Siwema kilikuwa kimesimama baina yao. Nikangoja. Ilitosha aseme, tupo wawili. Maneno mawili tu, wala nisingehitaji kumwandikia. Siwema alikohoa kidogo, kama mtu anayefagia njia ili kitu kipite. Hakikupita kitu.

Kisha alizunguka akaja nyuma, akainama karibu na taa yangu. Alinukia karafuu na woga.

"Shoga, umemwona?"

"Nimemsikia."

"Viatu vyake vinang'aa mpaka nimejiona ndani."

"Ukajiona ukoje?"

"Kadogo." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Niandikie vizuri leo."

"Lini nimekuandikia vibaya?"

"Sijasema hivyo, mwenzangu. Nimesema leo."

"Akitaka kukuchukua?"

Alizitazama karatasi zangu tupu badala ya kunitazama mimi. "Nitakwenda. Wewe usingekwenda?"

Mimi nikiwa na mtu mbele yangu, maneno hunijia baada ya yeye kuondoka. Alipoondoka yakanijia: ningekwenda, ila mimi ningekutaja.

Bi Tatu akateremsha mablanketi madirishani, akawasha projekta. Saa kumi.

Filamu ilianza kwa theluji. Zamani niliwahi kuandika "theluji" na banda zima likaguna, kwa hiyo safari hii niliandika: *Mbingu ilikuwa ikichambua pamba.* Kidole changu kikabanwa. Siwema akayasema polepole, kila neno akiliweka chini kama yai, na nikasikia wanawake wakivuta mitandio yao mabegani. Mimi ndiye niliyewatia baridi. Lakini waligeuka kumtazama nani? Walikitazama kigoda.

Kulikuwa na kasri juu ya jabali, na ndani yake mtu mrefu mwenye cheo ambacho hatuna. Nikamwita Mwinyi. Alikuwa amekufa siku nyingi ila hakuna aliyemwarifu. Mchana alilala ndani ya jeneza lenye udongo wa kwao. Giza likiingia aliamka, akajifuta mabega, akakaa peke yake mbele ya meza iliyojaa sahani.

"Huyu mbona hali?" sauti moja iliuliza kwenye mabenchi.

"Anakula watu."

"Sasa sahani zote zile za nini?"

"Za wageni. Ungealikwa ungekwenda?"

"Inategemea. Kuna pilau?"

Wakacheka, na ndani ya kicheko chao Mwinyi alisimama mbele ya kioo kirefu chenye fremu ya dhahabu. Kioo kikaonyesha mishumaa, pazia, kiti, meza. Yeye hakumo. Kisha mwanamke wa benchi la tatu akasema, "Hana haya, ndiyo maana hana sura," wakacheka tena, lakini kwa chini.

Mimi sikucheka. Nilisahau hata kuandika. Nilimtazama yule mtu akiinua mkono mbele ya kioo, akiushusha, akiuinua tena, kama anayempungia mtu aliye ng'ambo asiyemwona. Nikamwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu wa kweli. Wanasema filamu za namna hii ni za kutisha, na wanaozitengeneza huweka radi na popo na milango inayolia ili tuogope. Lakini mnyonya damu si mtu mwenye njaa. Mwenye njaa hushiba. Huyu ni mtu mwenye wivu. Anaona wengine wamebeba ndani yao kitu chekundu, cha moto, wala hawakijali. Wanajikata wakimenya vitunguu, wanakinyonya kidole, wanasahau. Wanacho na hawajui kama wanacho. Yeye anajua. Anajua thamani ya kila tone, na hana hata moja. Basi nani ana haki zaidi ya kitu, aliyezaliwa nacho au anayekijua?

Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri vibaya. Kwa muda wote niliojiona mnyonywa nilikuwa nimeandika moyoni kwamba Siwema ananimaliza, karatasi baada ya karatasi. Sasa nikaangalia kivuli chake pembeni mwa shuka, kidevu juu, shingo ndefu kama ya birika. Fizi zangu ziliwasha.

Ananinyonya.

Namnyonya.

Kuna anayenyonywa humu, na kuna anayesoma.

Katika filamu kulikuwa na msichana. Nilimwita Mwali kwa sababu alikuwa karibu kuolewa na alikuwa akifungiwa ndani. Mwinyi alikuwa amemsikia akiimba dirishani, na tangu wimbo ule hakupata usingizi katika udongo wake. Akashuka jabali. Akavuka pamba yote ya mbinguni bila kuacha nyayo. Akafika mlangoni pa nyumba yao, akasimama. Mwinyi hana nguvu ya kuingia nyumba ambayo hajakaribishwa. Anaweza kupasua ukuta, anaweza kuwa ukungu, lakini kizingiti kinamshinda. Hiyo ndiyo sheria yake pekee, na ndiyo inayomfanya afanane na watu wa kwetu.

Kwenye hedifoni alisema sentensi ndefu ya heshima, yenye maneno kumi na mawili. Ningeweza kuandika: *Naomba unifungulie.* Ningeweza kuandika: *Je, mtanipokea?* Nilikuwa na nafasi ya kuchagua, na nililijua banda langu. Niliandika neno moja.

"Hodi," Siwema akasema.

"Karibu," banda zima likaitika.

Waliitika wote, mabenchi yote, hata Bi Tatu aliyekuwa akimimina kahawa. Aliitika na Bwana Nassoro, nadhani, maana hata huko kwenye Nyumba ya Sauti lazima kuna mtu aliyelelewa. Kwetu hodi haijibiwi kwa akili, hujibiwa kwa mgongo, kama chafya. Mtu anaweza kuwa anafua, anaugua, anagombana na mumewe. Ikija hodi, karibu inatoka yenyewe. Halafu wakatambua walichokifanya. Kicheko kimoja kilianza na kikafa. Kwenye shuka Mwali alikuwa bado hajafungua mdomo, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka.

Haukufungukia kwake. Ulifungukia kwangu.

Pindo la shuka halikutikisika. Mwinyi alitoka tu, kama maji yanavyotoka upande wa pili wa nguo. Alikuwa mrefu kuliko alivyokuwa kwenye picha, na alikuwa akitumia mkono wa kulia. Nyuma yake filamu ilisimama, pamba ikaning'inia hewani. Mbele banda lilitulia kama lililochorwa. Nilimwona akitafuta mahali pa kukaa. Hakuna kiti cha pili nyuma ya shuka. Alikaa juu ya karatasi.

"Umeniita," alisema.

Alisema kwa sauti ya Siwema. Ingekuwaje vinginevyo? Hakuwa na nyingine. Sauti aliyokuwa nayo hapa kwetu ndiyo hiyo.

"Wao ndio walioitika," nilisema.

"Wao wameitika kwa mdomo. Wewe umeandika." Alikitazama kidole changu kidogo, kile kinachobanwa. "Nataka kukusaidia. Mimi na wewe ni watu wa kioo kimoja."

"Unataka nini?"

"Nataka unachotaka. Niandike nimefika shingoni. Nitaichukua sauti yake nikuletee hapa ulipokaa, bado ya moto. Siwezi kufanya ambalo hujaliandika."

"Na yeye?"

"Yeye atakuwa na ulicho nacho wewe sasa. Kwani ni kibaya?"

Swali lile lilikuwa na meno. Nikisema si kibaya, basi nina nini cha kulalamika? Nikisema ni kibaya, basi ni haki naye akionje. Nilitafuta jibu la tatu. Nilikumbuka tukiwa wadogo, Siwema na mimi, tukilala mkeka mmoja, yeye akiniambia, "Nisimulie mpaka nilale," na mimi nikimsimulia kwa kunong'ona, na asubuhi yeye akiwasimulia wengine kwa sauti. Nilikuwa nikifurahi. Ni lini niliacha kufurahi? Hakuna aliyenipiga. Hakuna siku iliyoingia ikasema hodi. Wivu ndio pekee unaoingia bila kukaribishwa.

Kisha nikakumbuka kile kikohozi chake. Njia iliyofagiwa na kitu kisichopita.

Nikachukua kalamu, nikaandika: *Mwali akafungua mdomo apige ukelele, lakini sauti haikutoka.* Nikaipitisha chini ya pindo. Siwema akaipokea, akanibana kidole. Nzuri. Mkono wangu ukabaki pale chini baada ya wake kuondoka.

Pamba ikaanza kuanguka tena.

"Mwali akafungua mdomo apige ukelele," Siwema akasoma, "lakini sau..."

Hapo ndipo ilipokatika. Haikufifia, ilikatika, kama uzi kwenye jino. Nilikiona kivuli chake kikiwa kimeachama. Mabenchi yalidhani ni ufundi. "Huyu binti," mtu alinong'ona, "anajua mpaka kunyamaza." Mwinyi aliinama mbele yangu, akaweka kitu kwenye ulimi wangu, kitamu na chenye ladha ya sarafu. Nikakimeza. Na alipoinuka niliona naye anatafuna kitu kidogo, lakini wakati ule sikuuliza ni nini.

Nikafungua mdomo.

Sikuhitaji kipaza sauti. Sauti ile ilinitoka kama inavyotoka mvuke kwenye sufuria, ikajaza paa, ikashuka juu ya vichwa vyao. Sikuandika tena, nilisema tu. Neno lilipozaliwa lilikuwa tayari limesikika. Nilimsemea Mwali, nikamsemea mama yake aliyelala chumba cha pili asisikie, nikaisemea theluji. Watu wakalia. Nilisikia kilio chao kutoka ndani ya koo langu, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mzima, maneno na sauti, kipande na kipande. Nilikuwa Bi Tatu kabla hajazeeka. Ningeweza kutaka kiti.

Bwana Nassoro alisimama. "Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo hiyo niliyoijia."

Na alimtazama Siwema.

Wote walimtazama Siwema. Alikuwa amekaa kigodani, mikono mapajani, mdomo umefumbwa sasa, na wao hawakuona kwamba umefumbwa. Walikuwa wameshazoea sauti ile inatoka kwake. "Siwema," waliita, wakipiga mabenchi kwa viganja. "Siwema. Siwema." Nikasema kwa nguvu zaidi, nikasema maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapata, na kila neno lilipotoka liliruka juu ya shuka likaenda kutua kichwani kwake kama njiwa wanaojua kwao. Nilikuwa nimechukua kila kitu chake. Alibaki na jina tu, na jina ndilo walilokuwa wakilipigia makofi.

Nikanyamaza. Mabenchi yakadhani ni ufundi.

Ndipo karatasi ikaingia chini ya pindo. Ilitoka mbele kuja nyuma, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hati ya Siwema ni kubwa, herufi zake zinaegemeana kama watu waliochoka. Ilikuwa na neno moja.

*Hodi.*

Nilihisi karibu ikinipanda mgongoni, nikaizuia kwa meno. Utamkaribishaje mtu ukiwa na sauti yake mdomoni?

Karatasi ya pili ikaja.

*Hodi. Ni mimi. Nilinyamaza mbele ya yule bwana kwa sababu niliogopa. Nilisema moyoni, akijua upo atakuchukua wewe, mimi nitabaki na kigoda. Nina sauti, lakini sina cha kusema hata siku moja. Unajua usiku nafanya nini? Nasoma karatasi zako. Nazionea wivu.*

Niliisoma mara mbili. Herufi zilikuwa zimelowa.

"Usiitike," Mwinyi alisema.

Niligeuka. Hakuwa ameisema kwa sauti ya Siwema, ile nilikuwa nayo mimi. Aliisema kwa sauti ndogo, ya upande, yenye kusita katikati ya neno kama mtu anayeuliza kama anaweza kupita. Ilinichukua muda kuijua. Sijawahi kuisikia kutoka nje. Ilikuwa sauti yangu. Ndicho kile alichokuwa akitafuna. Na ilikuwa nzuri, ndilo lililoniuma. Si nzuri ya kujaza banda. Nzuri ya kukaa karibu na mtu mmoja kwenye mkeka mpaka alale. Miaka yote ile nilikuwa nayo, nimeibeba kama wanavyobeba damu wale wamenya vitunguu. Nikaionea wivu.

"Usiitike," alirudia, kwa upole wangu mwenyewe. "Ukiitika utabaki bila yake na bila yako."

Kwetu hodi ni tatu. Ya kwanza ni ya mlango, ya pili ni ya mtu, ya tatu ni ya Mungu. Asipoitikiwa ya tatu, mgeni hugeuka akaenda zake bila kinyongo, na mwenye nyumba, hata kama alikuwa ndani amejifunika shuka, hana tena wa kumlaumu. Nilitazama pindo. Niliona ncha za vidole vyake, hina imefifia kwenye kucha. Havikushika karatasi. Viligonga sakafu, mara moja.

"Karibu," nikasema.

Lilikuwa neno la mwisho nililolisema kwa sauti ile, na lilipotoka liliondoka na sauti yote, kama kamba inavyoondoka na ndoo. Siwema alishika pindo la shuka akaliinua. Mwanga wa projekta uliingia nyuma moja kwa moja, ukampiga Mwinyi usoni. Akawa picha. Akawa bapa, akawa wa mkono wa kushoto, akapita juu ya ukuta, juu ya dari, akatoweka na ile sauti yangu ndogo ikiwa bado shavuni mwake kama kashata.

Banda lote likatuona. Walichoona ni meza, taa, karatasi zilizojaa sakafuni, na mwanamke mwenye hedifoni anayefumba macho kwa mwanga. Wengine walisimama juu ya mabenchi. "Kumbe kuna mtu," alisema yule mwanamke wa benchi la tatu. Bi Tatu alishika kiti chake kwa mikono miwili.

Bwana Nassoro akasogea mpaka kwenye kizingiti cha shuka, akasimama hapohapo, hakuvuka.

"Na huyu ni nani?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata hewa haikutoa sauti. Nikafanya ninachojua kufanya: nikachukua karatasi, nikaandika neno moja, nikampa Siwema. Alinibana kidole. Kisha akaitazama karatasi kwa muda mrefu sana. Angeweza kusoma chochote. Hakuna mwingine aliyeiona, hakuna ambaye angejua, na mimi nisingeweza kusema. Viatu vya Bwana Nassoro viling'aa. Saa ya ukutani ilisema saa kumi.

Siwema akajisafisha koo.

"Zamda," akasema.

Banda likarudia, benchi kwa benchi, mpaka mlangoni. Lilikuwa jina zuri sana mdomoni mwake. Nikalionea wivu.